Dalali Ndani ya Kompyuta

Sitara alikuwa mwanamke wa kuhesabu vijiko wageni wakiondoka. Hakufanya kwa siri. Alivihesabu pale pale mezani, mgeni akiwa bado anatafuta viatu vyake mlangoni. Msimwone mbaya. Mwaka uliopita alichora kanga ya Idi, pindo la minazi, mji wa katikati wenye mkufu, akaituma kiwandani India, na kabla mzigo wake haujatoka bandarini, kanga ile ile, minazi ile ile, jina lile lile, ikawa imeshatandazwa Mtaa wa Uhuru kwa bei ya kutupa. Aliinunua doti moja. Aliiweka kabatini, hakuivaa wala hakuikata, na kila akifungua kabati anaitazama.

Mwaka huu alikuwa na mchoro mpya wa kuulinda. Pindo lilikuwa magamba ya samaki, na mjini kimekaa kitasa kimoja kikubwa chenye funguo nne pembeni. Jina la kanga, ule msemo wa kuandikwa chini yake, hakumwambia hata Mbaruku, mumewe, aliyelala naye kitanda kimoja miaka ishirini na miwili. Kiwanda kilikuwa kinafunga kupokea kazi za Idi Alhamisi hiyo, saa kumi na mbili jioni. Faili likichelewa hapo, kanga zitafika watu wameshavaa za wengine, na kile chumba cha ofisi yao, ghorofa ya nne pale Kariakoo, itabidi wakirudishe kwa mwenye jengo.

"Limegoma tena, shemeji," alisema Uledi asubuhi ya Alhamisi yenyewe.

Uledi alikuwa mdogo wake Mbaruku, kitinda mimba, miaka ishirini na sita, anaishi nao Gerezani tangu mama yao alipofariki. Sitara alichora kwa penseli kwenye karatasi. Uledi ndiye aliyeingiza michoro kwenye kompyuta, akatenganisha rangi, akatuma. Yaani kila alichokuwa nacho Sitara kilipita mikononi mwa Uledi, na jambo hilo Sitara hakulisahau hata siku moja.

"Linagoma nini? Mbona wiki iliyopita tulituma sampuli, zikaenda?"

"Wiki iliyopita seva mpya ilikuwa haijafungwa. Sasa mtandao wa jengo zima unapitia kwenye proksi. Hii programu ya kutuma mafaili haijui kama kuna proksi, inataka kutoka moja kwa moja kama zamani. Inagonga ukuta, inarudi."

"Basi tumia bando la simu."

"Kiwanda kitakataa. Umesahau? Wewe mwenyewe uliwaambia wasipokee kitu chetu kisichotoka kwenye anwani ya jengo hili."

Ni kweli aliwaambia. Baada ya ile minazi aliwaambia mengi.

Mlango ukagongwa, akaingia Nurdin, fundi wa mtandao wa jengo, kijana mrefu mwenye bisibisi mfukoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Niaje, Uledi."

"Poa, mzee."

Nurdin aliweka karatasi mezani. Ilikuwa na anwani ya seva, namba ya kupitia, jina la mtumiaji, na neno la siri la muda. "Mnaingiza hivi vitu kwenye mipangilio ya programu yenu. Neno la siri hili ni la kuanzia tu, ukishaingia unaweka la kwako."

Uledi akatoa simu, akaipiga picha ile karatasi. Sitara akaona.

"Unapiga picha ya nini?"

"Isije ikapotea."

"Karatasi ipo mezani. Itakwenda wapi? Ina miguu?" Akaivuta upande wake. "Na kabla hamjagusa kitu, hiyo proksi ni nini? Nielezeni kwa Kiswahili cha watu."

Uledi akajikuna kichwa. Angesema mlango, angesema tarishi, angesema lolote, mambo yangekwisha hapo hapo. Akasema, "Ni kama dalali, shemeji."

"Dalali?"

"Eeh. Sisi hatuonani na kiwanda uso kwa uso. Tunampa dalali mzigo, anaupeleka kule, anaturudishia majibu. Kiwanda kinamwona yeye, sisi hakituoni."

Jamani! Umwambie mwanamke wa Kariakoo maneno hayo? Pale kila mtu anamjua dalali. Ndiye anayekupokea kwenye kona, akakushika mkono utadhani ni binamu yako, akajua mzigo wako kabla hujaufungua, na bei anayokutajia wewe siyo aliyopewa na mwenye duka. Sitara alikuwa amefanya biashara miaka kumi na minane bila dalali, na jambo hilo alilisimulia mpaka harusini.

"Na huyo dalali wenu analipwa na nani?"

Nurdin alicheka. "Halipwi, mama. Ni mashine tu, ipo chumba cha chini ya ngazi."

"Ufunguo wa chumba anao nani?"

"Mimi na mlinzi."

"Na mzigo wangu anauona?"

"Anaona umetoka kwa nani na unaenda wapi. Cha ndani haoni. Programu yenyewe inakifunga kabla hakijatoka hapa."

"Umejuaje kama haoni? Wewe umewahi kuwa dalali?"

Nurdin akamtazama Uledi, Uledi akamtazama Nurdin, wote wawili wakabana midomo. Kile kicheko walichokibana, wallahi, ndicho kilichoharibu siku. Wao walicheka neno. Sitara aliona vijana wawili wanaojuana.

Uledi alifungua mipangilio ya programu. Akachagua aina ya proksi, akaandika anwani, akaandika namba, akaandika jina. Alipoingia mara ya kwanza akaombwa abadilishe neno la siri, akabadilisha haraka haraka, vidole vinaruka, na kwenye skrini zikabaki nukta tu.

"Umeandika nini hapo?"

"Neno la siri. Nikuandikie kwenye karatasi?"

"Aje alione nani? Acha."

"Inauliza, ilikumbuke, isituulize kila siku?"

"Isikumbuke kitu!"

Uledi akaacha kile kisanduku kitupu. Akabonyeza kujaribu, ikaja alama ya kijani. "Imekubali. Nianze kutuma?"

Sitara alikuwa ameshakunjua karatasi kubwa yenye kitasa na magamba, ile aliyochapisha Jumatatu kwa Eliakimu, mwenye steshenari ya Gerezani. Rangi za kwenye skrini hakuziamini, kwa hiyo kila mchoro aliupeleka kwa Eliakimu, ukachapwa mbele ya macho yake. Alisimama nyuma ya bega la mtu yule mpaka mwisho. Karatasi iliyoharibika aliichana vipande vinane, akavitia mkobani. Flashi aliichomoa kwa mkono wake mwenyewe.

"Subiri," alisema. "Bado naangalia herufi. Nenda kanywe chai."

Herufi zilikuwa sawa tangu Jumatatu. Alitaka kufikiri.

*

Chai ilichukua nusu saa. Sitara alitoka mpaka kwenye korido kumtazama Uledi, akamwona ngazi moja chini, yeye na Nurdin wameegemea ukuta, Uledi anamwonyesha mwenzake kitu kwenye simu, wanacheka mpaka mmoja anajishika tumbo. Ilikuwa ni video ya mtu anayedondoka kwenye bodaboda. Sitara hakuiona video. Aliona simu, ile ile iliyopigia picha karatasi.

Akarudi ndani, akakaa. Akajiuliza, kwa nini minazi ilivuja? Nani aliijua? Mimi, kiwanda, na huyu. Kiwanda kiko mbali, wataitoa wapi haraka ya kufika Uhuru kabla yangu? Mimi siwezi kujiibia. Akabaki nani? Hesabu hii alikuwa ameifanya mwaka mzima, na kila mara ilitoa jibu lile lile, na kila mara aliona aibu, akainyamazia kwa ajili ya Mbaruku. Leo hakuna cha kunyamaza. Mbaruku mwenyewe alikuwa zamu bandarini tangu alfajiri.

Saa sita na nusu Uledi alichukua begi lake la mgongoni aende kuswali na kula. Sitara akamfuata mpaka kwenye korido.

"Fungua begi."

Uledi alidhani utani. "Nimekuibia sufuria, shemeji?"

"Nimesema fungua begi."

Korido ya ghorofa ile ni nyembamba. Ng'ambo tu, hatua tatu, kulikuwa na duka la mawigi la Blandina, na Blandina alikuwa mlangoni anachana wigi lililo juu ya kichwa cha plastiki. Makuli wawili walikuwa wanapandisha marobota ya vitenge, wakayatua kupumzika. Wote wakasikia. Blandina akaacha kuchana.

Uledi akapiga magoti, akafungua zipu. Akatoa chaja. Akatoa kikoi cha kuswalia. Akatoa kontena la wali, ule wali aliopakuliwa asubuhi na Sitara mwenyewe. Akatoa flashi nyekundu.

"Hii nini?"

"Nakala ya kazi zetu. Kompyuta ikifa tutalia?"

"Nani alikutuma uweke nakala?"

"Si ndiyo kazi yenyewe, shemeji? Kila mtu anaweka."

"Na minazi imo?"

"Imo. Kila kitu kimo."

"Kila kitu kimo!" Sitara aliligeukia duka la mawigi, akawageukia makuli. "Mmemsikia? Kila kitu changu kimo mfukoni kwake!"

"Shemeji." Uledi alikuwa bado amepiga magoti. "Unaniita mwizi?"

"Sijakuita. Umesema mwenyewe."

"Mimi nakula kwako. Nalala kwako."

"Ndiyo maana unajua kabati lilipo."

Kuli mmoja alisema, "Duh," kwa sauti ndogo, akainama kulishika robota lake. Blandina alirudi kwenye wigi lake, akawa anachana pale pale palipokwisha kuchanwa. Uledi alirudisha vitu begini kimoja kimoja, kontena, kikoi, chaja. Flashi akaiacha mkononi mwa shemeji yake. Akatoa ufunguo wa ofisi kwenye mnyororo wake, kazi ngumu, kucha zikakataa, akaupata, akauweka juu ya kaunta ya Blandina kwa kuwa Sitara hakunyoosha mkono.

"Kaka akirudi, utamweleza mwenyewe," akasema, akashuka ngazi.

*

Sitara alifunga mlango. Alijiambia ameokoka. Akaivuta karatasi ya Nurdin, akaifungua mipangilio kama alivyomwona Uledi akifanya, akakuta orodha ya aina za proksi, na juu kabisa pameandikwa kwamba hakuna. Akachagua hapo. Kila kilichoandikwa na Uledi kikafifia, kikawa kijivu. Alihisi mabega yamepungua uzito. Dalali katoka.

Akabonyeza kutuma. Mstari mwekundu. Akabonyeza tena. Mwekundu. Akazima kompyuta, akasoma Ayatul Kursi, akaiwasha, akabonyeza. Mwekundu.

Basi akarudi kuchagua proksi. Anwani ilikuwepo, namba ilikuwepo, neno la siri halikuwepo, kwa kuwa yeye ndiye aliyesema isikumbuke kitu. Akaandika lile la kwenye karatasi, herufi moja moja. Likakataliwa. Saa ya ukutani ilisema saa nane kasoro.

Alishuka ngazi zote mpaka kwenye chumba cha chini. Nurdin alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, anabana waya.

"Nurdin, mwanangu, nipe neno la siri."

"Mimi silijui, mama. La muda limekufa, la sasa kaweka Uledi mwenyewe."

"Si ulifute, uweke jingine?"

"Ruhusa hiyo anayo mwenye jengo, na leo yuko msibani Bagamoyo. Nimempigia mara mbili kwa mambo yangu, hapatikani." Nurdin hakuacha kubana waya. "Mpigie Uledi."

"Njoo basi uniangalizie hiyo programu tu."

"Mama, jengo zima limeshasikia habari ya begi. Nikija, kesho utaniambia nifungue langu. Kazi yangu ni seva. Programu zenu mjuane wenyewe."

Sitara hakuwahi kujibiwa hivyo na kijana aliyemwamkia shikamoo asubuhi. Akaondoka bila kuaga.

Kilichomjia kichwani ni Eliakimu. Mtu mzima, mtaratibu, Mpare wa watu, hana maneno mengi. Labda yeye alitume faili kwa barua pepe, na Sitara akipigie kiwanda simu, akibembeleze. Kwa Eliakimu angalau mambo yanaonekana kwa macho. Hakuna dalali.

*

Steshenari ya Eliakimu ilikuwa Gerezani, imebanwa kati ya duka la vipuri na fundi wa betri. Ilikuwa na mashine ya fotokopi, kompyuta mbili, na foleni. Sitara alipita mbele ya foleni kwa haki ya uteja wa zamani.

"Eliakimu, nina shida. Nataka unitumie faili sasa hivi." Akaingiza mkono kifuani kuitoa flashi.

"Flashi ya nini, mama Badria? Ile kazi ya Jumatatu si ninayo hapa?"

Mkono wa Sitara ukabaki kifuani.

Eliakimu akamgeuzia skrini, mtu wa watu, anafurahi kumpunguzia mteja kazi. Skrini ilikuwa imejaa mafaili kutoka juu mpaka chini: kadi za harusi, mikataba ya nyumba, mitihani ya shule, barua za kuomba kazi. Na katikati, kwa herufi kubwa, KITASA IDI MAMA BADRIA. Safu mbili kushoto kwake, MINAZI MAMA BADRIA.

"Hii ya minazi... ni ya mwaka jana."

"Eeh. Hatufuti. Mteja anarudi anataka nakala nyingine, tunamchapia, hatumsumbui."

"Lakini mimi nilichomoa flashi. Nilikuwa nimesimama hapa. Nilichomoa kwa mkono wangu."

"Flashi ulichomoa, ndiyo. Faili nilikuwa nimeshalishusha huku. Kwenye flashi mashine inakwama, kwa hiyo tunashusha kwanza ndiyo tunachapa. Steshenari zote ndivyo zinavyofanya, mama."

"Na nani anakaa kwenye kompyuta hii?"

"Mimi, au mteja mwenye haraka. Wengine wanajichapia wenyewe wakiona foleni."

"Wa Mtaa wa Uhuru wanakuja?"

"Wote. Wenye kanga, wenye vitenge. Kazi zao si hizi?" Akagusa skrini kwa kalamu, hapa, hapa na hapa. Sitara aliona jina la jirani yake wa duka la pili, na pembeni pameandikwa Idi, ya mwaka huu huu. Angeweza kuomba faili lile lifunguliwe. Eliakimu angelifungua bila kuuliza. Ndivyo alivyofunguliwa mtu mwingine minazi, mwaka jana, labda wakati Sitara yuko nyumbani anahesabu vijiko.

Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Aibu hasa, ya moto, mpaka masikio yakavuma. Alikuwa amehesabu karatasi. Alikuwa amechana vipande vinane. Na mzigo wenyewe alimletea Eliakimu kwa miguu yake, mara mbili.

"Futa," akasema.

"Yote?"

"Yangu. Mawili hayo."

Eliakimu akafuta.

"Na kwenye kapu la taka?"

Akafuta na huko. Halafu akauliza kwa upole, "Basi tutume nini sasa? Maana faili kubwa lile kwa barua pepe halipiti, mama. Halipiti kabisa."

*

Alimpigia Uledi akiwa amesimama nje, kwenye harufu ya tindikali ya betri. Saa tisa na dakika ishirini. Simu iliita mpaka karibu kukatika.

"Uledi."

"Nakusikia, shemeji."

"Njoo ofisini."

Nyuma ya sauti yake ilisikika nyundo inagonga bati. Alikuwa gereji kwa rafiki yake, mitaa miwili tu kutoka pale.

"Nije na begi au bila begi?"

"Njoo vyovyote, Uledi. Nakuomba."

Alikuja na begi. Makuli walikuwa wameshaondoka, lakini Blandina alikuwepo, akaitikia salamu yake kwa sauti ya msibani. Uledi alikaa kwenye kiti. Akafungua mipangilio, akaona palipoandikwa hakuna, akapaangalia kidogo. Akarudisha proksi, akakagua anwani, akakagua namba, akaandika neno la siri. Kijani. Akabonyeza kutuma.

Lilianza kwenda. Asilimia mbili. Asilimia tano. Kariakoo nzima ilikuwa inapiga kelele huko chini, na ndani ya chumba kile kulikuwa na feni tu. Ilipofika asilimia thelathini, Sitara akasema, "Lilikuwa kwa Eliakimu. Hili na la mwaka jana. Yote yalikuwa kwenye kompyuta yake, anayefika anayaona."

Uledi aliendelea kutazama skrini.

"Mimi ndiye niliyempelekea," akasema Sitara.

"Nilikwambia mwaka juzi tununue printa yetu."

"Ulisema."

"Ukaniuliza nataka kuchapa nini usiku."

Sitara alikumbuka. Aliuliza hivyo hivyo, tena mbele ya Mbaruku.

Saa kumi na moja na dakika arobaini faili lilimaliza. Dakika tano baadaye ukaja ujumbe wa kiwanda, kazi imepokelewa, imeingia kwenye foleni ya Idi. Sitara akaegemea ukuta, akasema alhamdulillahi mara tatu, machozi yakamlenga. Akataka kumshika Uledi bega. Uledi alikuwa ameshasimama.

"Kaa hapa, shemeji."

"Nikae nifanye nini?"

"Badilisha neno la siri. Weka la kwako, nisilijue."

"Sina haja, Uledi. Acha, bwana."

"Badilisha. Kesho likitokea la kutokea, mimi nisiwemo."

Akamfungulia mahali pa kuandikia, akamwonyesha kwa kidole, juu la zamani, alilokwisha kumwandikia, chini jipya mara mbili. Halafu akaenda mpaka kwenye kona, akageuka, akasimama ameuelekea ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa shuleni. Sitara akakaa. Akaandika kwa kidole kimoja. Kila kitufe kilisikika. Alikosea, ikambidi aanze upya, na muda wote huo mgongo wa Uledi haukutikisika.

"Tayari," akasema kwa shida.

Uledi akageuka. Akaweka mezani karatasi aliyokuwa ameiandika huko gereji, kwa herufi kubwa, hatua kwa hatua: fungua hapa, chagua hiki, andika anwani hii, namba hii. Akafuta ile picha kwenye simu yake, akamwonyesha kwamba ameifuta. Kisha akaliweka begi mezani, akalifungua, akatoa chaja, akatoa kikoi, akatoa kontena. Wali ulikuwa umo vilevile, haukuguswa.

"Kagua, shemeji."

"Uledi, usinifanyie hivyo."

"Kagua tu. Naondoka, sitaki kuitwa tena."

"Unaenda wapi? Nyumbani si ni njia moja?"

"Nitalala kwa rafiki yangu, gereji."

Sitara hakugusa kitu. Uledi alisubiri kadiri ya adabu, akarudisha vitu vyake, kontena akaliacha, akatoka.

Sitara akanyanyuka, akatoka mpaka katikati ya korido, pale pale alipopiga magoti kijana wa watu, akaita kwa nguvu kuelekea kwenye ngazi, "Uledi!"

Blandina alitokeza kichwa. Fundi cherehani wa mwisho wa korido naye akatokeza. Hatua za kwenye ngazi zikasimama.

"Uledi, nimekukosea! Wewe siyo mwizi. Aliyetoa mali nje ni mimi mwenyewe. Wote hapa wasikie!"

Sauti yake ilipita ghorofa mbili. Uledi akajibu kutoka chini, bila ukali wowote, kwa ile heshima aliyokuwa nayo siku zote.

"Nimesikia, shemeji."

Hatua zikaendelea kushuka. Sitara alizisikiliza mpaka zikachanganyika na kelele za mtaani.

Simu ikaita mkononi. Mbaruku, ametoka zamu, sauti imechangamka, nyuma yake malori yanapiga honi.

"Mama Badria! Mzigo umefika?"

"Umefika. Wameupokea."

"Alhamdulillahi! Nilijua tu. Nipitie sokoni Feri, nimchukulie huyo dogo pweza, si ndiyo anachokipenda? Mpe simu nimpongeze."

"Hayupo."

"Katoka kidogo?"

Blandina alikuwa bado mlangoni. Ufunguo wa ofisi ulikuwa bado juu ya kaunta yake, hakuna aliyeugusa tangu saa sita.

"Hakutoka, baba Badria," alisema Sitara. "Nilimfukuza."